Kibofu cha Haraka: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tiba na Msaada Ukiwa Unguja au Pemba

Mama yangu alivijua vyoo vyote vilivyo baina ya Makunduchi na Mjini. Alijua kipi cha msikiti hakifungwi, kipi cha dukani mwenyewe hakatai, na nyumba gani mna jamaa wa kumwitikia hodi. Siku ya safari hatii maji mdomoni tangu alfajiri, huenda chooni mara tatu kabla ya kutoka, na ndani ya gari hukaa karibu na mlango. Tukasema ni uzee. Alikuwa na miaka 58.

Tulistuka siku aliyokataa kwenda kwenye khitma ya dada yake wa tumbo moja. Alisema kichwa kinamuuma. Usiku akaniambia la kweli: anaogopa kukaa juu ya mkeka katikati ya watu, mkojo umbane, asiweze kunyanyuka kwa haraka. Alikuwa nayo hali hiyo kwa miaka minne na hajapata kumwambia mtu.

Nimeandika hapa njia tuliyopita mimi na yeye, hatua kwa hatua, pamoja na yale ambayo ningependa mtu angetwambia mapema. Kubwa kuliko yote ni kwamba hali hii ina tiba, na sehemu kubwa ya tiba hiyo hufanyika nyumbani bila ya gharama.

Hatua ya kwanza: jua ni nini kinachokusumbua

Kibofu ni mfuko wa msuli. Mkojo unapoingia kutoka kwenye mafigo, msuli huo hutakiwa ulegee na kutanuka. Ukifika kiasi cha mililita 150 au 200 unapata ishara ya mwanzo, ile ya kusema "baadaye nitakwenda". Mtu mzima wa kawaida huweza kuhifadhi mililita 300 hadi 500 kabla ya kulazimika kwenda. Kwa mwenye kibofu cha haraka, msuli hukaza kabla ya wakati wake. Mkojo ni mdogo, lakini amri inayofika kichwani ni kubwa: sasa hivi, usichelewe.

Madaktari huita hali hii kibofu kinachofanya kazi kupita kiasi. Alama yake kuu ni kubanwa ghafla kusikosubirika. Pamoja nayo huja kwenda mara nyingi, mara nane au zaidi kwa mchana na usiku, na kuamka usiku kwa ajili ya mkojo. Baadhi ya watu mkojo huwawahi kabla hawajafika chooni, na wengine haiwatokei kabisa. Wote wawili wana tatizo moja. Huwapata wanawake na wanaume, na kila umri mkubwa unavyozidi ndivyo watu wengi zaidi wanavyokuwa nayo. Kuwa jambo lina wengi si sababu ya kuliacha.

Ipo hali nyingine inayofanana nayo: mkojo kutoka unapokohoa, unapopiga chafya au unaponyanyua ndoo ya maji. Huo ni ulegevu wa misuli ya chini, na wanawake waliozaa mara nyingi wanaujua sana. Mtu anaweza kuwa na zote mbili. Mwambie daktari ipi inakusumbua zaidi, kwa sababu dawa za kibofu cha haraka hazitibu mkojo wa kukohoa.

Mambo ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo

Kabla ya daftari na mazoezi, jitazame kwanza. Usikae nyumbani ukiwa na homa pamoja na maumivu ya ubavuni, au ukiwa umeshindwa kabisa kukojoa huku tumbo la chini limejaa na linauma. Vile vile kama miguu imepoteza nguvu, sehemu unayokalia imekufa ganzi, au umeanza kushindwa kuzuia hata haja kubwa. Hilo la mwisho ni la mishipa ya uti wa mgongo na saa moja tu ina thamani yake.

Damu kwenye mkojo haina haja ya kukukimbiza usiku, lakini usiimalize wiki bila kupimwa, hata kama imetoka mara moja ikakata. Mjamzito mwenye dalili za mkojo naye asisubiri.

Na kama mkojo unavuja moja kwa moja, mchana na usiku, bila ya kubanwa, hasa baada ya uzazi mgumu uliochukua siku nyingi, hiyo si kibofu cha haraka. Huenda ni fistula, tundu lililofunguka baina ya kibofu na uke. Hutibiwa kwa operesheni, na hospitali ya CCBRT iliyopo Dar es Salaam inawatibu wanawake wenye fistula bila ya malipo. Nimemjua mwanamke aliyeishi chumba cha uani miaka mingi kwa jambo hili, watu wakimletea chakula mlangoni. Kama unaye mtu wa namna hiyo mtaani kwenu, mfikishie habari.

Hatua ya pili: daftari la siku tatu

Hii ndiyo hatua watu huiruka, na mimi nasema ndiyo iliyobadilisha kila kitu kwetu. Kabla yake, mama alipewa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo mara tatu, katika vituo viwili na duka moja la dawa, na hakuna hata mmoja aliyempima mkojo. Alikuwa akisema "nakwenda chooni sana", nao wakiandika dawa. Mara ya nne tulikwenda na daftari. Daktari aliliweka mezani, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akavuta kiti karibu.

Chukua daftari la shule la kawaida. Chora safu tano: saa, ulichokunywa na kiasi chake, mkojo uliotoka, ulibanwa kiasi gani kutoka sifuri (hukubanwa) hadi tatu (huwezi kusubiri), na kama mkojo ulikuwahi. Andika kwa siku tatu kamili pamoja na usiku wake. Si lazima zifuatane. Chagua siku mbili za kawaida na moja ya kutoka nje, kama ya arusi au ya sokoni.

Kupima mkojo kunawatia watu uzito, lakini si jambo gumu. Sisi tulichukua chupa tupu ya maji ya lita moja, tukaikata shingo kwa kisu, tukatia maji ndani kwa kikombe kidogo cha dawa ya maji kilichoandikwa mililita zake, na kila ikifika mililita 50 tukachora mstari kwa kalamu isiyofutika. Ikakaa chooni juu ya dirisha, imefunikwa na kitambaa. Mama alisema vitu viwili vilimshangaza siku ya kwanza: mkojo uliomkimbiza mbio ulikuwa mililita 80 tu, na asubuhi, baada ya kulala saa tatu mfululizo, ulitoka mililita 350 bila ya shida. Maana yake kibofu kilikuwa na nafasi. Kilikuwa na haraka tu.

Ukimaliza, jumlisha. Mtu mzima hutoa kiasi cha lita moja na nusu hadi mbili kwa siku. Ukiona lita tatu au nne, tatizo huenda ni unywaji mwingi au sukari, si kibofu. Ukiona zaidi ya theluthi moja ya mkojo wote unatoka usiku, hapo pana jambo la usiku peke yake, nami nitalisemea mbele.

Hatua ya tatu: kwenda kupimwa, na cha kuuliza

Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe. Vipimo vya mwanzo ni vyepesi: mkojo kwa kijiti cha rangi, mkojo kwa darubini, na sukari ya damu. Presha pia. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apimwe na ujauzito.

Sisi watu wa visiwani lazima tuulizie na kichocho. Kichocho cha Unguja na Pemba ni kile cha mkojo: minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na mayai yao hutoboa ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo. Kubanwa, kwenda mara nyingi, kuona moto, damu mwishoni mwa mkojo, vyote vinaweza kutoka huko. Kama ulikulia karibu na mabonde ya mpunga, ulioga mitoni au ulifua vijitoni mwenye konokono wanaobeba kichocho, mwambie mpimaji wazi. Mayai hutoka kwa wingi mchana, baina ya saa nne asubuhi na saa nane, kwa hiyo mkojo wa alfajiri siyo mzuri kwa kipimo hiki. Dawa yake, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mtu, na ndiyo ile inayogawiwa maskulini na majumbani. Mwanamke mwenye kichocho anaweza pia kupata vidonda na maumivu ya ukeni yakadhaniwa ni maradhi ya zinaa, ndoa ikaingia fitina bure. Uliza.

Vipimo vikiwa safi na shida ingalipo, omba rufaa. Kwa Unguja njia huishia Mnazi Mmoja. Kwa Pemba zipo hospitali za Wete, Chake Chake na Abdulla Mzee pale Mkoani. Unayemhitaji ni daktari bingwa wa njia ya mkojo, au wa maradhi ya wanawake ikiwa wewe ni mwanamke na una dalili za uzazi au za kukatika hedhi. Kama mnakatwa mchango wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, chukua kitambulisho chako.

Huko, omba wakupige picha ya tumbo ya mawimbi ya sauti mara tu baada ya kukojoa. Inaonyesha kama mkojo unabaki. Kipimo hiki kina uzito kwa wanaume, kwa sababu tezi dume iliyovimba huweza kuziba njia na kumfanya mtu aende kila mara kwa matone. Mwanamume ambaye mkojo wake ni mwembamba, unakatika, au anasubiri muda kabla haujaanza, asikubali kupewa dawa za kibofu cha haraka kabla ya kukaguliwa tezi.

Beba na dawa zako zote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na miti shamba unayokunywa. Dawa nyingine za presha kazi yake ni kutoa maji mwilini, na anayezinywa jioni atakesha. Usiache mwenyewe, muulize daktari kama zinaweza kuhamishiwa asubuhi.

Namna ya kuanza mazungumzo iliwahi kumpa mama tabu, na daktari alikuwa kijana wa kiume wa umri wa mwanawe. Tulikubaliana aseme maneno haya tu: "Mwanangu, mkojo unanibana ghafla na siwezi kusubiri. Nimeandika humu." Kisha amkabidhi daftari. Mkiwa wanawake na moyo hautulii, mna haki ya kuomba daktari au muuguzi wa kike.

Hatua ya nne: kukifunza kibofu

Hapa ndipo penye tiba yenyewe. Kibofu hujifunza. Mtu anayekwenda kila akihisi kidogo, na kila akitaka kutoka, na kila akipita mbele ya choo, amekizoesha kibofu chake kuita kwa kiasi kidogo. Tunakirudisha polepole.

Tazama daftari lako, tafuta muda ambao kwa kawaida unaweza kukaa bila ya kwenda. Mama ilikuwa dakika 50. Tukaanza na saa moja. Kila saa moja alikwenda, akibanwa asibanwe, na kabla ya saa moja hakwenda. Wiki iliyofuata saa moja na robo. Kila wiki robo saa ikaongezeka, na wiki iliyokuwa ngumu tuliirudia. Usiku hakuna ratiba, lala. Shabaha ni saa tatu au nne, na inahitaji wiki sita kwa uchache, wengine miezi mitatu.

Saa yetu ilikuwa adhana. Kutoka adhuhuri hadi alasiri ni takriban saa tatu, na mama alijiwekea nia hiyo: siku moja aende chooni kabla ya udhu wa adhuhuri na asirudi mpaka alasiri. Mkumbuke kwamba kusali huku mkojo umekubana ni makuruhu, basi msiugeuze wakati wa sala kuwa wakati wa mazoezi. Nenda, tawadha, sali kwa utulivu, mazoezi yawe baina ya sala na sala.

Sasa, kubanwa kunapokuja kabla ya wakati, fanya nini? Watu wengi hukimbia, na kukimbia ndiko kunakomwaga mkojo. Kubanwa kunakuja kama wimbi: kunapanda, kunafika kileleni, kunashuka. Simama au kaa papo hapo. Kaza misuli ya chini (nitaieleza katika hatua ya tano) kwa nguvu mara tano au sita, haraka haraka, bila ya kubana pumzi. Simamia vidole vya miguu au vikunje kwa nguvu. Shughulisha akili: hesabu kutoka mia kwa kupunguza saba, au soma sura unayoihifadhi. Wimbi likishuka, ndipo utembee, mwendo wa kawaida, mpaka chooni ikiwa wakati umefika, au urudi kazini kwako.

Vipo vitu viwili vinavyowaletea wengi kubanwa ghafla: kutia ufunguo mlangoni na kusikia maji ya bomba. Nilimwona mama siku moja pale kwenye bomba la udhu uani. Alifungua maji, uso ukabadilika. Zamani angelitupa kopo na kukimbia. Siku hiyo alifunga bomba, akashika ukuta kwa kiganja, akanyanyuka juu ya vidole vya miguu, macho ameyafumba na midomo inacheza. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka thelathini na tano. Akashuka, akafungua bomba tena, akatawadha mpaka miguu. Hakuniambia neno, lakini alipopita alinigusa bega.

Hatua ya tano: misuli ya chini

Mazoezi haya ni kwa wanawake na wanaume. Misuli inayohusika imetandazwa chini ya kibofu kama machela, kutoka mbele hadi nyuma. Namna rahisi ya kuipata: fikiri uko kwenye sala, umo katika rakaa ya mwisho, na upepo unataka kutoka. Unavyojikaza kulinda udhu wako, hiyo ndiyo misuli. Matako yasisogee, mapaja yasibanane, tumbo lisiingie ndani, na pumzi iendelee. Usijizoeshe kukata mkojo katikati kila ukikojoa. Mara moja ya kujaribu inatosha, ukizidisha mkojo utakuwa unabaki.

Kaza polepole, shikilia kwa hesabu ya tano, legeza kwa hesabu ya tano. Fanya mara nane kwa mkupuo, mikupuo mitatu kwa siku. Siku zikienda, fikisha hesabu ya kumi. Malizia na mikazo mifupi kumi ya haraka. Matokeo hayaji kwa wiki moja. Jipe miezi mitatu kabla ya kusema hayafai. Kama huna hakika unakaza panapostahiki, uliza hospitali kitengo cha tiba ya viungo.

Vinywaji, choo kigumu na usiku

Kosa la mama la kutokunywa maji lilikuwa likimzidishia. Mkojo mchache huwa mzito, na mkojo mzito hukichokoza kibofu. Kunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kidogo kidogo, nyingi yake kabla ya magharibi.

Kafeini ndiyo adui wa karibu. Chai ya rangi, chai ya maziwa, kahawa ya barazani, soda nyeusi, vinywaji vya kuongeza nguvu. Vikombe vya kahawa ni vidogo lakini hunyweka vitatu vinne kabla haluwa haijesha. Usikate vyote kwa siku moja, kichwa kitakuuma. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku tatu. Chai ya mchaichai haina kafeini na ndiyo aliyohamia mama. Pilipili na ndimu na machungwa huwachokoza baadhi ya watu na wengine hawawadhuru, kwa hiyo jaribu kuacha kimoja kwa wiki nzima, uangalie daftari. Anayevuta sigara aache. Mwenye uzito mkubwa akipunguza hata kilo chache ataona tofauti.

Choo kigumu hukisukuma kibofu kwa nyuma. Papai, mboga za majani, maharage, maji. Wengi wameangaika na dawa za mkojo wakati shida nusu yake ilikuwa hapo.

Usiku: acha kunywa saa mbili au tatu kabla ya kulala. Kama miguu inavimba jioni, iweke juu ya mto kwa saa moja alasiri, ili maji yale yatoke na mkojo mapema badala ya kungoja ulale. Vimbe za miguu na kukoroma kwa nguvu huku pumzi inakatika mwambie daktari, vyote viwili huongeza mkojo wa usiku. Na kwa mzee ambaye choo chake kiko uani, weka taa njiani, ondoa ndoo na viatu, au mwekee ndoo yenye kifuniko chumbani. Kuanguka usiku kumevunja nyonga nyingi.

Ramadhani inataka mpango wake. Maji yote yanaingia baina ya futari na daku, mara nyingi kwa pupa, juu yake chai. Gawa: glasi mbili kwenye futari, moja baada ya taraweh, moja kabla ya kulala ikiwa lazima, mbili kwenye daku. Uji wa pilipili manga kunywa, lakini kama unakuchokoza punguza pilipili yake.

Hatua ya sita: dawa

Zikipita wiki sita za mafunzo bila ya nafuu ya kutosha, au hali ni nzito tangu mwanzo, daktari ataongeza dawa. Zipo aina mbili kubwa.

Ya kwanza huutuliza msuli wa kibofu: oksibutinini, tolterodini, solifenasini. Oksibutinini ndiyo ya zamani zaidi na kwa kawaida ndiyo rahisi kwa bei. Madhara yake ni mdomo kukauka, choo kigumu, na macho kuona ukungu. Hupunguza pia jasho, na kwa joto la kaskazi hilo si dogo: mwenye kuzinywa asifanye kazi ngumu juani mchana. Kwa wazee zinaweza kuleta kusahau na kuchanganyikiwa, hasa oksibutinini, basi mwambie daktari kama mzee wenu ameshaanza kusahau. Haziwafai wenye presha ya macho ya aina iliyoziba isiyotibiwa, wala wenye mkojo unaobaki. Mdomo ukikauka usiushindilie maji, utarudi ulikotoka. Sukutua, au tafuna ubani (chingamu) usio na sukari.

Aina ya pili ni mirabegroni. Haikaushi mdomo kama zile, lakini inaweza kupandisha presha, na mwenye presha iliyo juu sana isiyodhibitiwa haimfai. Lazima presha ipimwe kabla na baada.

Kwa wanawake waliokatika hedhi, krimu ya estrojeni (homoni ya kike) ya kupaka ukeni husaidia wengine, kwa sababu ngozi ya pale na njia ya mkojo hukauka pamoja.

Mambo matatu kuhusu dawa. Zipe wiki nne kabla ya kuhukumu. Mwombe daktari akuandikie jina kamili la dawa kwa herufi kubwa, na mpigie simu muuza dawa kabla ya kutoka nyumbani, hasa ukiwa Pemba, usije ukapanda magari mawili ukaambiwa imekwisha. Na usinunue kwa ushauri wa jirani: dawa yake inaweza kukuziba mkojo wewe.

Zikishindikana zote, bado pana milango: sindano ya Botox, dawa ya kulegeza msuli, ndani ya kibofu, na tiba ya kuchochea mshipa wa kifundo cha mguu kwa umeme mdogo, nusu saa kwa wiki, wiki kumi na mbili. Muulize bingwa wako wapi zinapatikana wakati huo. Huenda mkavuka bahari kwenda Muhimbili au mbali zaidi, kwa hiyo pata barua ya rufaa kwanza.

Udhu, nguo na nyumba

Swali lililomliza mama halikuwa la kidaktari. Alidhani miaka minne ya sala zake imepotea. Tulimwendea sheikh, mtu mzima mwenye subira, akamweleza kwamba sheria inamjua mwenye udhuru. Ambaye mkojo wake haukatiki kiasi cha kupata nafasi ya kutawadha na kusali, kwa madhehebu yetu ya Shafi hujisafisha, hujifunga kitambaa au pedi, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, na husali bila ya kuchelewa, kila faradhi na udhu wake. Kinachotoka baada ya hapo hakimharibii. Ambaye mkojo humwahi mara moja moja tu na baina yake yuko mkavu, hukumu yake ni ya watu wote: ajisafishe, atawadhe upya. Mweleze sheikh wako hali yako ilivyo, na daftari linasaidia hata kwake.

Pedi za hedhi hazikamati mkojo vizuri. Zipo pampasi za watu wazima na pedi za mkojo, na kwa matumizi ya nyumbani vitambaa vya kanga nzee vilivyokunjwa mara nne ni vizuri mno, vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Badilisha mapema, jisafishe kwa maji, jikaushe, paka mafuta mepesi ngozi isiwashwe. Ukitoka, mfuko mdogo: nguo moja ya ndani, kitambaa, mfuko wa plastiki, chupa ndogo ya maji ya kujisafishia. Kwa wanandoa, nendeni chooni kabla, na mwambie mwenzako mapema. Anayekukimbia kitandani bila ya kusema sababu hukuumiza zaidi kuliko mkojo.

Nyie mnaoishi na mgonjwa, msimwambie "mbona umetoka huko sasa hivi". Mpeni nafasi ya pembeni kwenye mkeka, karibu na mlango, bila ya kutangaza. Mtoto wa kiume anayempeleka mama yake hospitali anaweza kusubiri nje ya chumba cha daktari.

Mwezi mmoja hadi miwili baada ya kuanza dawa, rudi. Andika siku tatu nyingine na ubebe madaftari yote mawili, la zamani na jipya. Mama alipolifungua la pili mbele ya yule daktari kijana, palikuwa na mstari alioupigia duara mwenyewe kwa kalamu nyekundu: choo saa sita na robo mchana, choo tena saa tisa na nusu, mililita 310, kubanwa moja, mkavu.